Kutoka lori la taka hadi basi la halmashauri tatu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hajawasha injini, Mama Breki anapanda ndani ya basi, anafunga mlango, anasimama katikati ya viti na kuvuta pumzi ndefu kwa pua. Ananusa. Anarudi viti viwili nyuma, ananusa tena.

"Usinicheke," anasema, huku mwenyewe akicheka. "Miaka kumi na mmoja nimeendesha lori la taka. Hata mtu aniambie basi linanukia vizuri, moyo hautulii mpaka nihakikishe mwenyewe."

Jina hilo alibandikwa mtaani, enzi lori lake liliposimama kila geti na breki zikalia hadi kuamsha watoto. Breki za basi hili hazilii. Ni jeupe, lina viti ishirini na nane, na ubavuni limechorwa nembo za halmashauri tatu, zimebanana kama ndugu kwenye picha ya harusi.

Kuziweka nembo hizo pamoja haikuwa kazi ndogo. Halmashauri moja ina ziwa, ya pili ina mapango, ya tatu ina maporomoko ya maji. Kwa miaka mingi kila moja ilivutia kwake. Mgeni alilala usiku mmoja ziwani, akapiga picha, akaondoka, na hakuna aliyemwambia kwamba mwendo wa saa moja mbele kuna mapango.

"Kumwambia ilikuwa sawa na kumkabidhi jirani mteja wako," anakiri afisa utalii wa ziwani.

Mwaka jana zikakubaliana: basi moja, tiketi moja, kila Jumamosi, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Wageni wasipopatikana, basi liuzwe na kila mtu arudi kwake.

Madereva tisa waliomba kazi hiyo, yeye akiwa mwanamke pekee. Mtihani wa mwisho ulikuwa kurudisha basi kinyumenyume katika uchochoro wa soko.

"Wenzangu walikuwa na vyeti vizuri tu," anasema. "Lakini katika ule uchochoro mimi nilikuwa narudisha lori kinyumenyume kila siku, ndoo za watu huku, makarai ya samaki kule. Nilijisikia nipo nyumbani."

Miezi ya kwanza ilitia huruma. Kuna Jumamosi alibeba wageni wanne. Mumewe, fundi viatu, alimuuliza taratibu kama ile sare ya zamani aitupe au aitunze.

"Nikamwambia, itunze."

Ndipo ikaja Jumamosi ya tope.

Kati ya mapango na maporomoko kuna mteremko wa mpakani. Halmashauri ya upande huu ilichonga barabara ikaishia ilipoona yatosha, ya upande ule nayo vivyo hivyo, na katikati pakabaki kipande ambacho kila mmoja alisema ni cha mwenzake. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Basi, likiwa na wageni kumi na tisa, liliteleza, likakaa mshazari na kuzamisha matairi mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila mama mmoja alimwagikiwa na chai.

Mama Breki akapiga simu ofisi ya mapangoni.

"Uko upande gani?" akaulizwa.

"Matairi ya nyuma yapo kwenu," akajibu. "Ya mbele yapo kwa wenzenu."

"Basi wapigie wenzetu."

Wenzao nao wakataka kujua habari za matairi ya nyuma.

"Nilitaka kulia," anakumbuka. "Niliona kabisa basi linauzwa hivi hivi, nami narudi kwenye sare yangu."

Akampigia Kijiko, aliyerithi lori lake. Kijiko hakuuliza habari za mpaka. Alikuja mbio, na kwa kuwa hakutaka kuchelewa kwa kwenda kumwaga, lori lilikuwa limejaa taka hadi juu. Nzi walitangulia.

"Dada, shika usukani!" akapaza sauti, akifunga mnyororo. "Na wageni wako wazibe pua!"

Mama Breki alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini wageni walishuka, wakavua viatu, mwalimu mmoja mstaafu akahesabu moja, mbili, tatu, na wote wakasukuma. Basi lilipochomoka, walikuwa wamerukiwa na tope hadi kwenye nyusi. Walishangilia, wakamkumbatia Kijiko na harufu yake yote, wakapiga picha na video mbele ya lori.

Jumatatu akaitwa kwenye kikao cha wenyeviti wote watatu. Alivaa gauni lake la sherehe, akakaa ukingoni mwa kiti, akisubiri kufukuzwa. Kumbe video ya wageni ilikwisha kusambaa hadi ikawafikia, na watu walikuwa wakiulizia tiketi.

"Mwenyekiti wa maporomoko alikuwa anajikaza asicheke," anasimulia. "Wa mapangoni hata hakujikaza."

Hakuna aliyemfokea. Walikuwa wakibishana nani akarabati kile kipande, na safari hii kila mmoja alitaka awe yeye. Mwishowe mmoja akatoa kifusi, mwingine greda, wa tatu mafuta.

Siku hizi ni nadra basi kuondoka na kiti kitupu, na majaribio yameongezwa miaka miwili. Wapo wanaopiga simu kuuliza kama lori la taka limo kwenye tiketi.

Kwa sasa Mama Breki ana shauku moja. Mama yake mzazi anaishi jirani na maporomoko, na maisha yake yote hajaliona ziwa. Ameomba kwamba katika miezi ya wageni wachache, viti vinavyobaki wapewe wazee wa pande zote tatu, bure. Ofisi zimekubali.

Jioni, akirudi na basi tupu, anasimama mlangoni kwa mama yake kumpa habari. Bibi anapukuchua mahindi, wala hainui kichwa.

"Na nikifika huko ziwani nifanye nini?"

"Ukae, mama. Uangalie maji."

"Nikae tu? Hakuna cha kufua?"

"Hakuna."

Bibi anaweka gunzi chini, anajifuta mikono kwenye kanga, anawaza.

"Haya," anasema. "Niwekee kiti cha dirishani."