Wimbo Una Mwenyewe

Donka Raykova alikuwa na miaka sabini na sita, goti moja bovu, na hasira moja ambayo haikuwahi kumpoa. Watu wa mji wa Belobrod waliizoea hasira hiyo kama walivyoizoea saa ya kanisa inayochelewa. Walidhani imelala. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku hiyo ya Septemba alikuwa uani anakoroga jamu ya plamu kwenye sufuria kubwa, Stamena alipoingia na kijitabu mkononi. Stamena alikuwa jirani yake, na kwa miaka ishirini na saba walikuwa wamesimama bega kwa bega wakitoa kokwa za plamu katika kiwanda cha matunda ya makopo.

"Soma ukurasa wa nne," Stamena akasema. "Lakini weka mwiko chini kwanza. Nakujua."

Donka hakuuweka. Kijitabu kilitoka Nyumba ya Utamaduni. Kilisema kwamba Jumamosi, saa sita mchana, kitazinduliwa kibao cha marumaru kwa heshima ya marehemu Lyudmil Karastanev, mwimbaji aliyelelewa mjini hapa, aliyefariki majira ya kuchipua. Kikaendelea kusema kwamba Lyudmil aliuokoa usipotee wimbo wa watu uitwao "Mikono ya Zambarau", wenye umri wa miaka mia moja na hamsini, unaomsifu binti mtia rangi sufu wa enzi za Waturuki.

"Mtia rangi sufu!" Donka akainua viganja vyake, vilivyoiva rangi ya plamu mpaka kwenye vifundo. "Stamena, uliwahi kuniona natia rangi sufu?"

"Wewe? Hata soksi hujui kufuma."

"Miaka mia na hamsini! Kwa hiyo mimi ni mzimu."

"Mzimu mwenye makalio hayo? Koroga, inaungua."

Lakini Stamena naye hakucheka sana. Alikuwepo. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na nane, Penyo Raykov, aliyekuja kuwa mume wa Donka, fundi wa mitambo ya kiwanda, kijana mrefu mwenye masikio kama vishikio vya sufuria, alipiga gita katika bendi ya wafanyakazi. Alimtazama Donka akitoka zamu na mikono yake ya zambarau, akaandika beti tatu nyuma ya lebo ya chupa ya jamu, na Jumapili wakaziimba bwaloni. Mwimbaji alikuwa Lyudmil. Sauti alikuwa nayo, hilo Donka hakuwahi kumnyima.

Lyudmil akaenda Sofia, mji mkuu, na lebo ile mfukoni. Huko nyimbo zilipita kwanza mbele ya kamati ya serikali, na kamati ikauliza mtunzi ni nani. Penyo alikuwa na kaka aliyevuka mpaka akatorokea Ugiriki, na ndugu wa mtoro hakuandikwa jina kwenye sahani ya santuri. Basi wakaandika: wimbo wa watu. Ubeti wa tatu wakaukata, kwa sababu ulikuwa na king'ora cha kiwanda ndani yake, na wimbo wa kale wenye king'ora ungewaumbua. Nchi nzima ikaucheza harusini. Donka aliusikia redioni huku anatoa kokwa, na Penyo yuko chini ya mashine anapaka grisi.

Haya, hizo zilikuwa zama zake, na watu waliogopa. Lakini utawala ule wa kikomunisti ulianguka, kamati ikafa, kila mtu akapata mdomo. Lyudmil aliishi na kuimba miaka thelathini na zaidi baada ya hapo, akihojiwa kila mwaka mpya na glasi ya rakia, pombe kali ya matunda, mkononi, na jina la Penyo halikumtoka hata mara moja. Hata kwa bahati mbaya! Hilo ndilo lililomchoma Donka. Penyo mwenyewe alikuwa akisema, "Unaimbwa, Donka. Mimi inanitosha." Akafa nalo, miaka kumi na miwili iliyopita. Yeye ilimtosha. Mkewe haikumtosha.

Akanawa mikono bila mafanikio yoyote, akavaa koti la kanisani, akaenda kwa Chavdar Belchev, mkurugenzi wa Nyumba ya Utamaduni, mwanamume wa miaka arobaini aliyekunywa sana utotoni kompoti ya Donka, ile sharubati ya matunda ya kuchemsha.

"Bibi Donka, karibu, keti."

"Sikuja kukaa. Andika jina la Penyo kwenye kibao."

Chavdar akapumua. "Bibi yangu, karatasi unayo? Mkataba, mswada, chochote?"

"Karatasi alikwenda nayo marehemu wenu."

"Sasa unaona. Mimi nitaandikaje kitu kisicho na ushahidi? Halafu wimbo ukishapendwa hivi, ni wa watu wote."

"Watu gani? Niletee mmoja wao hapa nimuulize aliutunga akiwa wapi, na kwa ajili ya mikono ya nani! Mkate mnakula wote, Chavdar, lakini mwokaji mnamjua jina."

"Marumaru imeshachongwa, Bibi. Imeshawekwa, imefunikwa kitambaa inangoja Jumamosi." Akamshika kiwiko kwa upole, akimwelekeza mlangoni, na hapo hakuweza kujizuia kujisifu. "Nimeiweka chini ya paa la baraza, pale lisipofika hata tone la mvua. Herufi za dhahabu zile, zitakaa miaka hamsini."

Donka akatoka. Chanda chema huvikwa pete, walimfundisha hivyo. Hakuna aliyemwambia kuwa pete inaweza kuvikwa chanda cha jirani. Akaegemea mti wa kituo cha basi apumzishe goti. Shina lote lilikuwa limejaa tanzia, kama miti yote ya mji: nyuso za marehemu ndani ya fremu nyeusi, siku arobaini, mwaka mmoja, miaka mitano bila fulani. Tanzia ya mwokaji mikate wa mji ilikuwa hapo tangu majira ya baridi, imepauka mpaka amebaki masharubu tu. Na bado ilikuwa hapo, kwa kuwa Belobrod hakuna mkono wa mtu unaobandua tanzia. Iliyobandikwa huachiwa mvua na jua. Hata walevi wanalijua hilo.

Donka akamtazama mwokaji kwa muda. Kisha akageuza njia, akaenda kwenye duka la uchapaji karibu na makaburi.

"Miaka kumi na miwili ya Penyo, sivyo?" binti wa duka akauliza, akasogeza orodha. "Maneno ya huzuni tunayo namba moja mpaka ishirini. Wengi wanachukua namba saba."

"Sitaki ya namba. Nitakutajia, wewe piga chapa. Na picha iwe hii ya gita. Masikio usiyapunguze."

Jumamosi alfajiri alichemsha gundi ya unga. Kulipopambazuka yeye na Stamena walikuwa barazani, Stamena akiwa ameinua kitambaa chekundu kwa ncha za vidole.

"Tutafungwa, wewe mwanamke."

"Shika vizuri. Ukikunja, atatoka na kidevu cha mbuzi."

Saa sita watu walijaa uwanjani. Kwaya ya wastaafu ilijipanga kwa mavazi ya tarizi, na Stamena katika safu ya sauti za chini, uso mkavu kama hajui lolote. Naibu meya akahutubia kuhusu hazina za mababu. Chavdar akavuta kamba, na kitambaa kikaanguka.

Makofi yakaanza yakafa. Juu ya marumaru, kona hadi kona, ilikuwapo tanzia kubwa yenye fremu nyeusi, na Penyo Raykov na masikio yake akiwatazama wote. *Miaka kumi na miwili bila Penyo Raykov, fundi wa mitambo, mtunzi wa "Mikono ya Zambarau".* Chini yake, beti zote tatu.

Naibu meya akavua kofia. Hakuwaza, mkono ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwa kila mtu mbele ya tanzia. Wanaume wengine wakavua. Wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Chavdar, mwekundu kama pilipili ya kuchoma, akapeleka ukucha kwenye kona ya karatasi.

"Thubutu!" sauti ikatoka katikati ya umati. Alikuwa mama mzazi wa Chavdar. "Ubandue maiti ya mtu mbele yangu? Nilikuzaa nini mimi?"

Ukucha ukarudi mfukoni.

Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi ya beti mbili. Waliziimba, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya jingine. Zilipoisha, Stamena hakufunga mdomo. Akaendelea peke yake, na wanawake waliotoa naye kokwa za plamu kiwandani, wale waliobaki, wakamfuata bila kusoma:

*King'ora kimeshalia, zamu ya pili yatoka,*
*langoni nakungojea, njoo upesi we Donka.*

Donka alisimama mbele yao na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, ile inayogawiwa kwa roho ya marehemu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, wala hasira haikumtoka. Aligawa ngano kijiko kwa kijiko, na kwa kila mtu alisema jina la mumewe, na kila mtu, kama desturi inavyotaka, alilazimika kujibu, "Mungu amsamehe Penyo." Naibu meya alijibu. Chavdar alikuja wa mwisho.

"Mungu amsamehe Penyo," akanong'ona, akitafuna. Kisha: "Bibi Donka, ile karatasi... itatoka lini?"

"Haya mambo unayajua, mwanangu," Donka akasema, akimwongezea kijiko. "Mvua ikiifikia."