Skana Iliyokula Kidevu

Niseme mapema, kabla hujaanza kunipenda: mimi ndiye niliyefanya mzee wa watu azikwe hana kidevu, kwenye picha yaani, na waombolezaji wakanicheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakanipa jogoo. Nilirudi naye Bagamoyo nimempakata kwenye bodaboda kama mtu aliyetoka kuposa.

Nina kibanda cha steshenari. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nalaminisha vyeti vya watu waliosoma kunizidi. Mimi na kidato cha pili tuliachana kwa makubaliano, kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni fundi simu, rafiki yangu tangu tunacheza na matairi, mtu ambaye akikuona unaelekea shimoni anavuta kiti ili aone vizuri.

Kompyuta yangu kubwa iliozea ndani kwa chumvi ya huku kwetu. Nikanunua ile ndogo ya bodi moja, ubao tu wa saketi unaolingana na kipande cha sabuni, hauna hata gamba. Skana nayo nilipewa bure, ofisi fulani walikuwa wanatupa vitu chakavu. Ni ile ya kulala, yenye kioo na mfuniko: unalaza karatasi, unafunika, taa inatembea chini yake. Ikafika kibandani, fundi simu akaizunguka.

"Hicho kisabuni ndicho kitaendesha hilo jeneza?"

"Kitaendesha."

"Na umeme?"

"Chaja ya simu."

"Simu ipi?"

"Yoyote. Umeme ni umeme."

Akavuta kiti, akakaa. Ningekuwa na akili ningejiuliza.

Siku hizo hizo ndipo alipokuja mama mmoja kutoka Kerege. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Mtani akikusema unacheka, akichukua kitu chako unakikomboa, na kumkasirikia ni mwiko, msibani ndiyo kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Mko hai nyie watu wa ngoma?"

"Tupo, mama. Tunawasubiri nyie mje mtubebee mizigo."

Akacheka, akakaa, akatoa picha kwenye kanga. Ilikuwa imetolewa kwenye fremu, kubwa, ya studio ya zamani. Mwanaume kijana, koti la kuazima, kidevu kipana chenye kishimo katikati.

"Mume wangu huyu," akasema. "Ni mgonjwa wa taya. Ugonjwa umekula huku kote." Akajipapasa chini ya mdomo. "Miaka yote hii anajifunga kitambaa. Wajukuu wanazo picha zake tele kwenye simu, zote macho na kitambaa. Hawajui babu yao anafananaje. Yenye uso mzima imebaki hii moja. Hospitali wametuambia turudi naye tu nyumbani. Sasa siku yenyewe ikifika nataka iwe kubwa, ikae juu ya jeneza, wamuone."

Fundi simu akachungulia dirishani kwangu. "Mama, nipe niipige na simu sasa hivi. Uondoke nayo."

Hapo ndipo palikuwa pa kufunga mdomo. Mimi nikaufungua. Nikamwambia mama simu inapinda picha, inaleta mng'ao, inakula rangi, hii ni kazi ya skana. Nikalipiga kofi lile dude kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Basi nakuachia wewe, mtani," akasema. "Ninayo hiyo tu."

Nikahangaika. Nilikuwa naandika amri ya kutafuta skana, kompyuta inanijibu hakuna skana. Skana iko pale, imeziba meza nzima, nakunywa chai nimeshika kikombe mkononi kwa sababu yake, naambiwa haipo. Baadaye nikagundua kwamba nikiandika amri kama bosi mwenye ruhusa zote, inaonekana. Nikiandika kama mimi, haionekani. Mashine yenyewe ilishajua nimeishia kidato gani. Nikatafuta namna ya kujiongezea ruhusa, nikakosea, nikafuta vitu, nikaanza upya. Fundi simu kila akipita ananiamkia, "Shikamoo, injinia," na mimi mjinga naitikia marahaba.

Habari ikaja kwamba mzee amefariki, anazikwa kesho yake. Jioni ile ile skana ikakubali. Nikalaza kitambulisho changu pale juu kwenye kona, taa ikatembea kidogo, sura yangu ikatokea kwenye kioo cha kompyuta, mbaya vilevile lakini imekamilika. Nikaenda kulala kama waziri.

Asubuhi nikaitoa picha ya mzee. Imejikunja kwa unyevu. Kioo cha skana kina vumbi, nikakifuta kwa kitambaa cha maji, sikungoja kikauke, nikailaza picha kifudifudi, nikafunika, na juu ya mfuniko nikaweka rimu nzima ya karatasi ili inyooke. Taa ikaondoka. Ikapita nywele, ikapita macho, ikafika chini ya pua, ikakwama inakoroma. Kisabuni kikazimika, kikawaka chenyewe. Nikarudia. Chini ya pua. Nikarudia tena. Nikachomoa nyaya, nikachomeka, nikabadilisha tundu, nikaongeza rimu nyingine juu. Kila nikifungua faili naona paji, macho, pua, halafu giza.

Fikiria nilichokuwa nimepata. Nusu ya juu wajukuu wanayo tele kwenye simu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwapa nusu ya chini.

Nikamwita fundi simu. Hata hakukaa.

"Umeme haufiki. Taa na mota vinanyonya kwa huyu mtoto, kisabuni chako, na mtoto ananyonya chaja ya kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe. Kitambulisho ni kifupi, kilipona. Hii ni ndefu, anaishiwa nguvu njiani."

"Ulijua?"

"Tangu umelileta."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia umeme ni umeme. Nikasema mwache msomi afundishe."

Akaniletea chaja nene ya kwake. Mimi kwa furaha nikafunua mfuniko niiweke picha sawa. Haikunyanyuka. Ule unyevu, ule uzito, asubuhi nzima, rangi ya picha ilikuwa imelainika ikagandana na kioo. Mtu mwenye akili angeacha. Nikaivuta. Ikaja na nywele, ikaja na macho, ikaja na pua. Mdomo na kidevu vikabaki kwenye kioo, vipandevipande, rangi imevurugika, kama utando wa maziwa kwenye sufuria.

Na kwa chaja ile mpya skana ilifanya kazi vizuri mno. Ilitembea mwanzo mpaka mwisho bila kukoroma, ikanisomea kile kioo na yale makovu yake, safi kabisa. Fundi simu akasema, "Hongera, imepona."

Simu ikaita, mpwa wa marehemu anauliza picha, jeneza limeshatolewa ndani. Nikachapa ile nusu niliyokuwa nayo, kubwa, nikaitia kwenye bahasha pamoja na ile iliyochanika, nikapanda bodaboda. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema, Mama, nimeharibu, nisamehe. Niliyajua maneno vizuri.

Nikafika, nikakuta watani wameshaanza. Mama mmoja wa Kizaramo kavaa koti la marehemu, kajifunga kitambaa mdomoni, anatembea kwa kuyumba kama alivyokuwa anayumba mzee, anaomba ugoro kwa vidole. Watu wanalia huku wanacheka. Mpwa akaniona, akanipokonya bahasha, akaitoa ile kubwa, akainyanyua juu.

Watu wakasogea waione. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Mzaramo huyo. Kidevu cha mzee wetu umekipeleka wapi?"

Nilifungua mdomo niombe msamaha. Lakini mdomo wangu una mazoea yake. Ukasema, "Ninacho nyumbani. Mkikitaka mkikomboe."

Uwanja ukapasuka. Watu walicheka wakaegemeana. Wajukuu wakacheka, babu yao mwingine tena wa macho tu kawekwa juu ya jeneza. Yule mama wa koti akanikumbatia, akasema mtani kama mimi hajapata kumuona. Akaletwa jogoo, amefungwa miguu, akawekwa mikononi mwangu, ukombozi wa kidevu.

Mjane hakucheka. Alikuwa kwenye mkeka, nikamwendea, nikachuchumaa na jogoo wangu.

"Picha yangu iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha bahasha, mpwa alikuwa ameiacha pale kando. Akaichungulia ile iliyochanika bila kuitoa.

"Mama, haukuwa utani," nikamwambia. "Nimeiharibu. Hakuna kidevu nyumbani."

Akaifunga bahasha, akaisukuma chini ya kanga.

"Usiniambie hivyo," akasema polepole, watu wasisikie. "Uwe utani. Ukiwa si utani, leo nikufanye nini mimi? Nenda, mtani. Umetuchekesha."

Nikaenda. Nikamfunga jogoo kwenye mguu wa meza ya skana, nikamsimulia fundi simu yote, mpaka hilo la mwisho. Nilitegemea atacheka, nami nicheke, yaishe. Akamwinamia jogoo.

"Maskini yule mama," akasema. "Angempa mtu baki, asiye mtani, hiyo picha, saa hizi ameshamtukana, amelia, amepumua. Wewe hata hilo umemnyima. Ukimpika huyo jogoo, shingo niachie mimi."