Mlango wa Owino

Walisema sitaweza. Naanzia hapo makusudi, kwa sababu waliosema bado wako hai na wakitaka wanikosoe. Walisema mtoto wa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hapati diploma. Niliipata, ya umeme wa magari, na cheti nimekitundika mahali ambapo mgeni hawezi kukosa kukiona. Walisema nikienda Doha nitarudi na sanduku la nguo na kikohozi. Nilirudi na ujuzi ambao hapa Migori hakuna wa pili wangu. Kisha nikanunua Mombasa gari lililogongwa, la aina ambayo hata mafundi wa Kisumu hulizunguka kwanza kabla ya kuligusa, wakasema halitawaka kamwe. Linawaka hadi leo.

Nakueleza haya ili usidhani unasimuliwa na mtu wa kuota ndoto mchana. Mimi kazi yangu ni waya na mita ya kupimia. Lililonipata Masara lilinipata nikiwa nimeshiba, na pombe sinywi. Niamini.

Kwanza ulijue hilo gari. Milango yake haina vishikio unavyoviona. Vimelala ndani ya bati, na ukipitisha kiganja husikii kitu. Ufunguo huuingizi popote. Unakaa nao mfukoni tu. Ukifika hatua mbili, gari linakutambua na vishikio vinachomoza vyenyewe. Ukienda zako, vinarudi ndani. Je, linatufaa sisi? Nitasema ukweli ingawa ni langu: tope likiingia kwenye ule ufa vishikio vinakwama, betri ikilala unabaki nje kama mwizi, na wazee hawajui washike wapi. Lakini likinifungukia sokoni watu wakitazama, nasahau hayo yote.

Aliyenilipia ile diploma ni kaka yangu, Owino. Alitoka kwetu, mbele kidogo ya Rodi Kopany upande wa Homa Bay, akaenda kuchimba dhahabu Masara. Kila alichotoa shimoni kiligeuka karo yangu. Hakuniita kwa jina tena. Aliniita Diploma.

Siku moja nikiwa Doha nilimpigia simu ya video kutoka karakana, nikamwonyesha gari la aina hii la mteja. Owino alicheka hadi akakohoa.

"Sasa, Diploma, mtu akitaka kuingia anabisha kama anayeomba chumvi kwa jirani?"

"Habishi mtu. Ukiwa na ufunguo mfukoni, lenyewe linakujua."

"Na mimi nisiye na ufunguo?"

"Wewe utakuwa nami."

"Haya. Ukinunua lako, mlango wa mbele wa abiria ni wangu. Na usinifungulie, omera, ndugu yangu. Mimi si bibi harusi. Nitajifungulia mwenyewe."

Mvua za mwaka uliofuata ziliporomosha shimo akiwa ndani. Mwajiri wangu alikataa kunipa ruhusa. Nikatuma pesa: jeneza lenye kioo, mahema, fahali, gari la kumleta nyumbani. Watu walisema mazishi ya namna ile hayajaonekana huko kwetu, nami, nihurumie, nilijivunia hata hilo.

Niliporudi nchini nilipita kila mahali isipokuwa Masara. Kaburini nilikwenda. Nilisimama pale kama mtu aliyesimama mbele ya nyumba isiyo na mwenyewe, nikashindwa hata kulia. Nikadhani ni ugumu wa moyo wangu.

Kisha mnunuzi mmoja wa dhahabu akanipigia simu kutoka Masara. Alikuwa na gari la milango kama ya langu, na vumbi la mashine za kusaga mawe lilikuwa limeziba vishikio vyote vinne. Mafundi watatu walikuwa wameshindwa. Ungekuwa mimi, ungekataa? Nilikwenda. Niliegesha langu kando ya kibanda cha chai, nikamfungulia mnunuzi milango yake kwa dakika kumi, nikanawa mikono watu wakinisifu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, manyunyu yameanza.

Nikageuka kulitazama gari langu. Nilikuwa hatua kama thelathini mbali nalo, ufunguo mfukoni. Ufunguo wa pili ulikuwa Migori, kwenye droo, nimeutoa betri. Hakuna ufunguo mwingine duniani.

Kishikio cha mlango wa mbele wa abiria kilikuwa kimechomoza. Hicho kimoja tu.

Nikasema ni hitilafu. Nikasogea, nikakisukuma ndani kwa kidole. Kikatoka tena. Nikakisukuma. Kikatoka. Na kwenye bati lenye vumbi, kuanzia nyuma hadi pale kwenye kishikio, kulikuwa na alama ya kiganja kilichoburutwa, kama cha mtu aliyekuwa akitafuta mahali pa kushika. Kidole cha mwisho kilikuwa kifupi. Owino alikatwa kidole kile na winchi mwaka wake wa kwanza shimoni.

Muuza chai alikuwa ananitazama. Wote pale walimwita Nyar Kegonga, yaani binti wa Kegonga, kwa sababu alitoka huko Kuria. Mwanamke wa rika langu, mdomo mkali.

"Wewe ndiye Diploma?" akaniuliza.

"Nani amekwambia jina hilo?"

"Aliyekuwa akinywa chai yangu hapa kila asubuhi akikusifu mpaka tunachoka. Umechelewa, bwana."

"Nilituma kila kitu," nikasema. "Uliza mtu yeyote."

"Najua ulituma. Gari la maiti lilikuja hapa, zuri sana, likabeba mwili. Yeye nani alimwita?"

Kwetu, mtu akifa kwa ajali mbali na nyumbani, kubeba mwili hakutoshi. Ndugu wa damu huenda mpaka pale alipofia, akamwita kwa jina, akamwambia twende. Na njiani humtajia kila daraja na kila soko, asipotee. Ndugu wa Owino ni mmoja tu, na yuko hapa anakusimulia. Nilikuwa nimelipia kila kitu isipokuwa kile kisichouzwa.

Nyar Kegonga akanionyesha shimo lenyewe, nyuma ya vibanda, limefukiwa na majani yameota juu. Nikasimama kwenye manyunyu, nimevaa viatu vyangu vya Doha, nikaita. Sauti ya kwanza haikutoka. Ya pili ilitoka kama ya mtoto.

"Owino. Ni mimi. Twende nyumbani."

Hakuna kilichojibu. Nilirudi kwenye gari, nikaingia, nikawasha. Papo hapo ile taa nyekundu ya mkanda ikawaka na kengele ikaanza kulia. Si ya mkanda wangu. Ya kiti cha abiria.

Unajua ile taa huwashwa na nini? Chini ya kiti kuna kifaa kinachopima uzito. Mkoba mwepesi haukiamshi. Kinataka mtu. Nikapeleka mkono juu ya kiti. Kilikuwa kikavu, na hewa ya pale ilikuwa baridi, ina harufu ya udongo wa chini, ule usioonja jua. Niliogopa, usinidanganye kwamba wewe usingeogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine ambacho sina jina lake. Nikavuta mkanda, nikaupitisha juu ya kiti kitupu, nikaufunga. Kengele ikanyamaza.

Tukaenda. Nilimtajia daraja la mto Kuja. Nilimtajia Uriri, Awendo, Rongo. Katikati nilimweleza mambo ambayo sikuwahi kumwambia kwenye simu: kwamba Doha mwaka wa kwanza niliwaoshea watu magari, sikuwa fundi, kwamba nilimdanganya ili asione karo yake imepotea bure. Sijawahi kumwambia mtu mwingine. Tulipofika Rodi nilianza kwenda polepole. Magari ya nyuma yalinipigia honi. Sikutaka tufike.

Nyumbani ilikuwa saa mbili na nusu. Nilizima gari, nikateremka, nikafunga mlango wangu. Mama akatoka na taa.

"Huyo mwingine amepitia wapi?" akauliza.

"Niko peke yangu, Mama."

"Nimesikia milango miwili."

Nikazunguka gari. Mlango wa abiria ulikuwa umefungwa, bati limelala laini. Ndani, mkanda ulikuwa umefunguliwa. Usiku ule nilikwenda kaburini na, kwa mara ya kwanza, nikalia.

Tangu siku hiyo kishikio kile hakijatoka tena. Nimebadilisha mota mara mbili, nimepima waya wote, umeme unafika vizuri kabisa. Mimi, ninayeletewa magari kutoka Kisii, gari langu mwenyewe limenishinda. Abiria wangu huketi nyuma na hudhani ni madaha.

Wewe unayesoma haya ukiwa ng'ambo, au Nairobi tu, ukipigiwa simu ya msiba usitume pesa ukadhani umefika. Nenda. Ukikataliwa ruhusa, nenda hata baadaye, ukaite kwa mdomo wako. Anaweza kuwa bado anapapasa mlango.

Mwezi uliopita nilimaliza kuwalipa wote walionikopesha kwa ajili ya gari hili: chama chetu cha akiba, mjomba, na mwenye karakana aliyenipa vipuri kwa kuniamini tu. Siku ya kumlipa wa mwisho nilienda nyumbani moja kwa moja, nikaegesha kando ya kaburi, nikamwambia Owino kwamba anayenidai sasa amebaki yeye peke yake. Nikasimama upande wa abiria, ufunguo mkononi. Nilingoja hadi kuku wakaingia kulala. Bati likabaki laini.

Nikainua mkono, nikabisha, polepole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.