Watoto wa Kuazima

Majuzi nilipita ilipokuwa skuli yetu, huku kusini ya Unguja, nikakuta ukuta mmoja umesimama na mbuzi wamelala kivulini. Weye wacha tu. Nilishikwa na hasira kama jambo la jana, na mimi sasa nna vitukuu.

Miaka ya hamsini hiyo. Darasa la tano, ndilo la juu kabisa hapa kwetu, lilibaki na watoto kumi na mmoja, msichana mimi peke yangu. Ukifika msimu wa karafuu watu hufunga nyumba wakahamia mashamba ya kaskazini kuchuma, watoto wao nyuma. Waliobaki walikuwa pwani wakipiga makumbi ya nazi yaliyooza topeni, wapate nyuzi za kamba, na ile harufu yake ya uvundo tukiingia nayo mpaka darasani. Basi inspekta wa skuli akaleta habari kuwa akirudi asipokuta ishirini, darasa linafungwa, anayetaka kusoma aende mjini. Na bibi aliyenilea alishasema kitambo, "Skuli ya hapa sawa. Mjini kwa watu, mtoto wa kike, hukanyagi." Darasa likifungwa, mimi ndo basi tena.

Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, akaazima watoto tisa chuoni kwa maalimu wa Kurani, akanipa mimi kazi ya kuwafunza. Siku tatu niliwafunza uani kwetu, mkononi nasokota kamba. Ingia, simama, amkia kwa Kiingereza, kaa, funua kitabu, nyamaza. Vitabu vilikuwa vimefungiwa kabatini, tukafanyia viganja vyetu. Nilikuwa mkali, mmoja nilimfinya sikio mpaka akalia.

Siku ilipofika walisimama, wakaamkia, wakakaa. Mwalimu akanitazama kwa furaha. Inspekta akatwambia tufunue ukurasa wa kwanza. Watoto wangu tisa wakafunua kwa pamoja, kutoka nyuma. Walifunua kama msahafu, kama walivyozoeshwa tangu wadogo, na vidole wakavikokota kutoka kulia kwenda kushoto. Kitabu cha skuli kinaanzia wapi, hilo sikukumbuka kuwaambia.

Inspekta hakukaripia. Alisema taratibu, "Mwalimu, hawa warudishe kwa maalimu wao."

Darasa likafungwa. Wavulana kumi wakapelekwa mjini kwa jamaa zao. Mimi nilimlilia bibi wiki nzima, akanibembeleza kwa mkate wa kumimina, akasema ya Mungu hayo. Mwaka haukwisha nikaposwa.

Mwalimu alihamishwa, hakunilaumu hata kwa jicho. Siku ya kuondoka alinipa kitabu cha hesabu. Nilikisoma peke yangu jikoni mpaka nikafika kwenye desimali, nikakwama, na wa kumuuliza hakuwepo. Siku hizi skuli zimejaa kila pembe, na vitukuu vyangu wananambia desimali ni jambo dogo kabisa. Sijawaomba wanifunze.