Tata Tshibangu Alipokataa Kuwasha Rola

Jumamosi moja ya ujana wangu naikumbuka hadi leo, mwanangu, na kwa kuwa umepata kazi ya mashini, nataka nawe uijue.

Ilikuwa hapa Kolwezi, wakati nchi ikiitwa Zaïre na sisi kazini tukiitana sitwayen, yaani raia. Nilikuwa katika karakana ya mabomba ya chuma, yale marefu ya kupitishia matope ya mgodi. Hatukuyabeba mabegani. Tulikuwa na njia ya rola: magogo ya chuma yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, yakizungushwa na mnyororo, na bomba likisafiri juu yake kutoka kwenye msumeno hadi mlangoni, kwenye behewa. Mwanzoni mwa njia alisimama Tata Tshibangu (Tata ni baba, ndivyo tulivyomheshimu), mwenye kitufe cha kuiwasha na kuisimamisha. Mwishoni nilisimama mimi.

Tata Tshibangu, mtu wa mkoa wa Kasai, alikuwa mpole, tena mzito wa mwendo hadi vijana tulimcheka kidogo. Kila njia iliposimama, hakuiwasha tena mpaka aite jina langu nami niitike. Hata akiwa ananiona!

Siku hiyo treni ya kwenda Tenke ilikuwa inangoja behewa letu, na kila mtu alitaka kwenda nyumbani. Bomba moja likaenda upande, kichwa chake kikazama kati ya rola. Nikainua mkono, Tata akasimamisha. Nikainama chini ya njia, nikaingiza mkono mpaka begani ili nilisukume. Mara kompresa ya jirani, mashini ya kusukuma hewa, ikaanza kunguruma. Tata aliniita. Sikusikia kitu.

Yaliyofuata nilihadithiwa. Kasongo, mwenzetu wa karakana, rafiki yangu mpenzi na jirani yangu katika kambi ya wafanyakazi, alikuwa anangojewa na wakwe zake alasiri ile. Akamwendea Tata.

“Tata, endesha basi! Treni iko natungojea!”

“Mwenzako hayanijibu bado.”

“Alishaka kutoka! Batu bote bako nangojea weye!”

Kasongo akanyoosha mkono abonyeze mwenyewe. Tata akakifunika kitufe kwa viganja, akakilalia kwa kifua. Yeye na wenzetu wengine wakamvuta, shati likachanika. Wakamtukana, hata kabila lake wakalitaja. Aliendelea tu kuita jina langu, mpaka mmoja wao akachoka na kelele, akaja mwisho wa njia kutazama.

“Iko humu!” akapiga yowe. “Mukono iko ndani!”

Nilipokwisha kulisukuma bomba na kutoka, nikamkuta Kasongo ameketi sakafuni, analia. Tata alikuwa anakusanya vipande vya shati lake.

“Uko muzima?” akaniuliza.

“Niko muzima, tata.”

“Basi simama kando.” Akaita jina langu mara nyingine, nikaitika, akawasha.

Kesho yake, baada ya misa, mimi na mke wangu na Kasongo tulikwenda kwake, mtaani Manika, na kuku wa asante. Kasongo akapiga magoti, akamsogezea kuku kwa mikono miwili.

“Simama, mwana,” Tata akamwambia. “Kuku tutakula wote. Lakini ile asante, mutaipatia ule atakuwa mbele yenu siku mutashika kitufe.”

Tukala, tukacheka, mama wa nyumba akatufungia mihogo ya kupeleka nyumbani. Tata alipostaafu, Kasongo ndiye aliyeshika kitufe kile, na hakuna aliyeumia kwenye njia yake. Wote wawili wamekwisha kulala, na bado nawataja katika sala zangu.

Ndiyo nasaha yangu, mwanangu. Usiwashe mashini mpaka mwenzako akuitikie, hata karakana nzima ikikupigia kelele. Wakikutukana, vumilia, hasira yao itapoa, watakula nawe. Na yule anayekuchelewesha kwa ajili ya usalama wako, mshukuru angali hai.

Mungu akupe wenzako wa kukungojea, na wewe akupe moyo wa kuwangojea. Uende kazini mzima, urudi kwa mama yako mzima. Amina.