Rupia Iliyosuguliwa kwa Majivu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu alikuwa akisema nikianza kufoka hata kuku wanarudi bandani mchana kweupe. Basi nifikirie mtu wa namna hiyo, nimesimama uani kwangu mtaa wa Bagara asubuhi ya Jumamosi, natazama kitu nilichokitunza kama mboni ya jicho kimeharibiwa, na mdomo umegoma kufoka.

Nilikuwa fundi cherehani pale Babati, miaka ile ya themanini ambapo ukiingia dukani unakuta mwenye duka na rafu tupu. Sabuni hakuna, sukari ya foleni, na sisi mafundi tunageuza magunia ya unga kuwa kaptula. Katikati ya shida hiyo cherehani yangu ikavunjika chuma kinachoshika sindano. Nikatafuta spea Arusha, nikaagiza Moshi, wapi! Fundi bila cherehani anabaki kukaa barazani na kubishana siasa. Nyumbani tukawa tunakunywa uji wa unga wa njano asubuhi na jioni.

Mali pekee niliyokuwa nayo ilikuwa ya ajabu. Nikiwa bado kijana nilimshonea mapazia bibi mmoja mlowezi kule bonde la Kiru. Shamba lake lilikuwa limetaifishwa, naye anafunga mizigo arudi kwao. Badala ya ujira akanipa kasha la mbao lenye sarafu za enzi ya Mjerumani. Njia nzima nilikuwa namtukana kimoyomoyo, nikijua nimepunjwa. Nilipozifungua nyumbani, loo! Hazikuwa zile zilizopita mikononi mwa watu sokoni. Hizi zilipigwa chache tu, taratibu, za kuonyesha ufundi wa kiwanda, na uso wake ni laini kama kioo. Tena zilikuwa za fedha halisi, zimelala miaka na miaka ndani ya karatasi zao mpaka fedha imejitia rangi yenyewe. Ile rupia kubwa, yenye mfalme aliyevaa kofia ya chuma, ilikuwa na rangi ya dhahabu ukingoni, kisha zambarau, na katikati bluu, kama tone la mafuta ya taa juu ya maji. Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa sarafu. Nilibadilishana na wazee kwa vitambaa, nikakusanya nyingine nyingi, lakini hakuna iliyoifikia rupia ile.

Sasa, mhandisi mmoja wa barabara kutoka Arusha, naye mgonjwa kama mimi, alisikia habari zangu akaja kuiona. Aliishika kwa ncha za vidole, ukingoni tu, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Mzee, hii usiiguse hata kwa kitambaa. Hizi rangi ndiyo thamani yake. Ukizitoa, kinabaki kipande cha fedha." Kwake alikuwa na cherehani ya marehemu mama yake, nzima, haijafunguliwa hata skrubu. Akasema Jumamosi atakuja nayo tubadilishane. Haki ya Mungu, wiki ile nilitembea najichekea peke yangu.

Ijumaa akaingia mama mkwe, ameteremka na basi kutoka Mbulu na mahindi yake kichwani. Mama yule alikuwa msafi, msafi hasa. Sabuni iwepo isiwepo, sufuria zake alizisugua kwa majivu na ndimu mpaka unaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo. Na mimi kwake nilikuwa na adabu. Mkwe hafokewi. Unainamisha macho, unasema "shikamoo mama", unajibu unapoulizwa.

Jumamosi asubuhi nikaitoa rupia, nikaiweka mezani juu ya kitambaa cheupe, nikaenda kuoga. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amechuchumaa karibu na mafiga, majivu kwenye kopo, nusu ya ndimu mkononi. Akaninyooshea rupia yangu. Nyeupe! Nyeupe pee, kama kijiko kipya, imejaa mikwaruzo.

"Baba," akasema, anatabasamu, "ungemwaibisha binti yangu. Mgeni anapewaje kitu kimepauka hivi?"

Yesu wangu. Nilimwona mke wangu mlangoni, mikono kichwani.

"Asante, mama," nikasema.

Mhandisi akafika na gari lake, cherehani nyuma imefunikwa gunia. Alipoiona rupia, uso ulimshuka kama mtu aliyepewa habari za msiba. Akaniangalia. Nikamwonyesha kwa kidevu mama mkwe, aliyekuwa anakuja na chai isiyo na sukari. Akaelewa. Mtu aliyelelewa vizuri, akainywa yote na kushukuru. Nilipomsindikiza alininong'oneza, "Hii siwezi kuichukua. Lakini kasha lina nyingine mbili zenye rangi nzuri. Naenda Singida, kesho mchana nitapita nichague moja. Cherehani bado ni yako."

Roho ikarudi mahali pake. Ndani, mama mkwe akaniuliza, "Mbona mgeni hakuichukua?"

"Hakuipenda, mama. Kesho atakuja kutazama nyingine."

Akawa anasokota pindo la kanga yake. Chumbani mke wangu akanikazia macho: mwambie! Nimwambie nini? Kwamba alikuwa karibu kututoa chakula mdomoni? Angebeba aibu hiyo mpaka kaburini. Nikalirudisha kasha chini ya kitanda cha watoto, katika chumba alichokuwa analala mama mkwe, nikafikiri yamekwisha.

Jumapili akasema miguu inamuuma, twende kanisani sisi. Tulirudi saa sita. Pale uani, juu ya uchanja wa vyombo, kati ya sufuria na vikombe, zilikuwa zimepangwa zinakauka juani. Zote. Zile mbili, na nyingine zote nilizokusanya ujana wangu mzima. Nyeupe, tupu, zinanimulika machoni.

Mama mkwe akatokea jikoni anajifuta mikono. Vidole vilikuwa vimechubuka, kimoja amekifunga kitambaa chenye damu.

"Jana nilisugua haraka haraka," akasema, "ndiyo maana mgeni hakuipenda. Leo nimetulia, nimetumia na mchanga. Sasa mgeni achague mwenyewe."

Barabarani gari la mhandisi likapiga honi. Mke wangu akanishika mkono wa shati, amenikamata kweli kweli. Nilivitazama vile vidole.

"Asante, mama," nikasema.

Akafurahi sana, akauliza kama abandike chai ya mgeni.