Siku Nilipoupulizia Salfa Mfarishi wa Padre

Bora niseme mwenyewe, maana hapa Newala mkasa huu wakiusimulia wengine wanautia chumvi mpaka inaonekana niliuchoma moto ukumbi wa kanisa, na ukumbi haukuungua hata kidogo jamani, uligeuka njano tu.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano wa dawa, zile za kubeba mgongoni, na msimu ukifika watu wananifuata mpaka kutoka Mkunya, fundi huku, fundi kule, mpaka kichwa kinavimba (na changu, mtaona wenyewe, kilikuwa hakina tena nafasi ya kuvimba). Mwaka huo nilikuwa nimemposa Felista, binti wa mwenyekiti wa kikundi cha kushona cha akina mama wa kanisa. Na kwetu mnajua, baba ni baba lakini neno la posa liko kwa mjomba wa binti, na Mjomba Hilari alikuwa mtu wa kulitafuna neno lake kama muhogo mbichi, hasemi ndiyo, hasemi hapana, ukimuuliza anajibu, "Tunamtazama kijana." Basi na mimi nikawa naishi kama mtu anayetazamwa, natembea kifua mbele hata nikienda chooni.

Kikundi kile kilikuwa kimepewa na wageni mashine moja ya ajabu ya kushonea mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka yenye pamba katikati. Si cherehani ya kukaa ukakanyaga. Kitambaa kinatandazwa kwenye fremu ndefu kuliko kitanda cha mkubwa, halafu kichwa cha mashine ndicho kinachotembea juu ya reli, na wewe umesimama umekishika mikono yake miwili kama usukani wa pikipiki. Huo usukani ndio ulioniponza. Nilipouona nilijisemea, hii si mashine ya wanawake, hii ni pikipiki iliyokosa magurudumu.

Jumamosi hiyo wanamalizia mfarishi mweupe wa kumuaga padre aliyehamishiwa Nanganga, ibada ni kesho yake, imebaki pembe moja tu, mashine ikaanza kufanya vituko. Juu mshono safi, chini uzi umejikusanya kama kiota cha ndege. Mimi napita nje na mashine yangu ya kupulizia mgongoni, nimetoka kuijaribu shambani kwa mteja, nikaitwa. Nikamwamkia Mjomba Hilari aliyekuwa amekaa kwenye benchi mlangoni, nikamwamkia Mama Felista huku natazama sakafu kama mkwe mwenye adabu.

"Dastani baba," akasema Mama Felista, "mashine hii unaijua? Kama huijui nimpigie fundi wa Masasi, yeye kafundishwa."

Hapo ndipo ningesema "siijui, mama," nikaenda zangu kula. Lakini mjomba anatazama. Nikasema, "Naijua. Wa Masasi wa nini? Mashine ni mashine."

Nikainama chini ya fremu. Felista akanisogelea, akaninong'oneza, "Dastani, nadhani uzi wa juu ume..." Nikamkatiza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Felista, uchafu uko chini, tatizo liko chini, hata mtoto anaona." Nikaitoa bobini, ile inayobeba uzi wa chini, nikaikaza ile skrubu yake ndogo kwa mkono uliozoea kukaza nati za injini. Uzi ukakatika. Nikaikaza tena. Ukakatika kabla sijaondoa mkono. Nikabadilisha sindano, nikaiweka imegeuka nyuma mbele (hilo nililijua baadaye sana), mashine ikapiga kishindo kimoja na nusu ya sindano ikaruka ikaangukia kwenye kikapu cha mama mmoja, mama akasema, "Bwana asifiwe," si kwa furaha.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikasema mashine imekauka, inataka oili. Mafuta ya cherehani yalikuwepo, chupa iko mezani inanitazama, lakini yalionekana mepesi mno kwa mashine kubwa namna ile, nikatuma ichukuliwe oili ya pikipiki, nikaimimina kwa upendo. Ikaingia, ikatafuta njia, ikatokea chini, tone moja jeusi, la pili, katikati ya mfarishi wa padre.

"Yesu wangu," akasema Mama Felista.

"Itatoka, mama," nikasema. "Hiyo ni ishara kwamba inafika."

Felista akaja tena. "Dastani, nisikilize, kwenye vile visahani vya..." Nikamwinulia mkono kama askari wa barabarani. Jasho linanitoka, Mjomba Hilari amehama benchi, sasa amesimama karibu yangu kabisa, ananitazama. Ikabidi nitafute sababu kubwa. Nikaona nyuzinyuzi za pamba zimejaa kule ndani, nikapiga makofi. "Nimelipata! Vumbi! Inataka kupulizwa!"

Na kitu cha kupulizia nilikuwa nacho.

Naapa tangi nililimwaga. Salfa yote ya mteja nilimrudishia mwenyewe. Lakini lile bomba refu la kutolea upepo sikulikung'uta, na kila mkulima wa Newala anajua kinachobaki kwenye lile bomba. Nikavaa mashine mgongoni, nikavuta kamba, injini ikanguruma humo ukumbini mpaka madirisha yakatetemeka, nikaelekeza mdomo kwenye mashine ya akina mama, nikakandamiza mafuta mpaka mwisho.

Kwa muda sikuona kitu. Nilisikia tu kikohozi cha Mjomba Hilari, kisha vikohozi vya kikundi kizima, kisha watu wanapapasa kutafuta mlango. Vumbi lilipotulia, mfarishi ulikuwa wa njano, Mama Felista wa njano, kitambaa chake cha kichwani cha njano, na mjomba, mzee wa watu, amebaki na macho mawili mekundu katikati ya unga, kama mkorosho uliopuliziwa vizuri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, natamani na mimi ningepeperuka na lile vumbi.

Felista akajifuta uso. Hakuniangalia. Akaenda kwenye mashine, akaingiza sindano mpya, akauvuta uzi wa juu uliokuwa umechomoka kwenye visahani viwili vinavyoubana, akaurudisha katikati yake, akailegeza ile skrubu yangu, akashona. Safi juu, safi chini.

"Nilitaka kusema tangu mwanzo," akasema.

Kesho yake padre aliagwa kwa jogoo na ahadi. Mimi nikaitwa kwa Mjomba Hilari, ambaye bado alikuwa anakohoa. Akasema, "Jibu la posa utalipata siku mfarishi ukiwa mweupe. Na aliyechafua ndiye anayeteka maji."

Ndugu zangu, kufua mfarishi mzito, Newala, ambako bomba likitoa maji watu wanapigiana simu! Nilishuka bondeni na baiskeli na madumu, nikapanda mlima nasukuma, mchana kweupe, wiki baada ya wiki, na watani wamejipanga barabarani, "Fundi, pulizia na huku, mihogo yetu inaumwa!" Salfa ilitoka karibu yote. Oili haikutoka. Nikaupeleka hivyohivyo kwa mjomba, nimeuinamia, najua nimekosa mke.

Mjomba akaukunjua, akaliangalia doa, akaniangalia mimi nilivyokonda. Akamwambia dada yake, "Mashine hajui. Lakini kupanda mlima na maji anajua, na maji ndiyo shida yetu. Mpeni."

Padre alishonewa mwingine, nami niliwekwa mbali. Ule wa kwanza tulipewa sisi siku ya harusi, na tangu hapo neno "naijua" nimelifuta mdomoni mwangu, mtu akiniletea hata tochi nauliza kwanza mwenyewe anaonaje. Mvua zikianza na unyevu ukiingia ndani, mfarishi unanuka salfa, na unanuka upande wangu tu. Felista anavuta pumzi, ananigusa bega.

"Fundi, harufu hii unaijua?"

"Siijui, mke wangu," namjibu. "Niambie wewe."